Je, wajua kwa nini mbwa mchanga mwenye figo mbovu hashibi maji?

Mbwa wa miezi minane anayemaliza bakuli baada ya bakuli la maji hamshtui mtu jijini Kisumu, ambako joto la kando ya ziwa humtia kila kiumbe kiu. Hata hivyo, akizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mkojo wake ukawa mwepesi kama maji, yafaa tuache kulilaumu jua na tuzichunguze figo.

Figo huchuja damu, kisha hurudisha mwilini sehemu kubwa ya maji yaliyochujwa. Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo mno takriban 400,000. Theluthi mbili zikiharibika, vichujio vinavyosalia hulemewa na taka, nayo maji hupita bila kurudishwa. Mbwa basi hunywa ili kufidia anachopoteza, kwa hiyo kumfichia bakuli ili asikojoe sebuleni, hata kwa nia njema, ni kumdhuru.

Kwa nini mbwa mchanga hivyo? Figo zake huendelea kuundwa hata wiki mbili tatu baada ya kuzaliwa, na ujenzi huo ukienda kombo hubaki ndogo, zenye vichujio visivyokomaa. Kasoro hii hujulikana sana kwa mbwa wa aina ya Shih Tzu na Lhasa Apso. Mbwa wetu wa kienyeji naye hajasalimika, kwani bakteria wa leptospira walio katika mkojo wa panya, na hata kidonge cha ibuprofeni alichopewa kutulizwa maumivu, vinaweza kumwachia figo zenye makovu.

Kwa mbwa anayekua, madhara hufika hadi kwenye taya. Figo dhaifu hushindwa kutoa fosforasi, na ikirundikana katika damu, tezi ndogo za shingoni huchota kalsiamu kutoka mifupani, hadi taya ikalegea kama mpira na meno yakatikisika. Hapo ndipo ugali kwa omena, chakula cha mbwa wengi huku, unapogeuka tatizo: omena huliwa mzima, na mifupa yake imejaa fosforasi. Daktari wa mifugo akishathibitisha ugonjwa kwa kupima damu na mkojo, huenda akashauri omena ipunguzwe na sehemu ya protini itokane na ute mweupe wa yai lililopikwa, ambao una fosforasi kidogo sana.