Je, wajua kwa nini ile mashine ya kidoleni haiwezi kupima oksijeni ya uvimbe wa saratani?

Ile mashine ya kubana kidole ikisoma 98 watu wanatulia, mwili una oksijeni ya kutosha, basi na uvimbe nao umeshiba si ndio? Hapana. Kile kifaa kinasoma hemoglobini kwenye damu ya mishipa inayopiga hapo kidoleni, basi. Wengine wanasema uvimbe una mishipa mingi kwa hiyo lazima una hewa, nayo si kweli, maana mishipa yake imeota ovyo, mingine inavuja, mingine damu inasimama halafu inaanza tena, na oksijeni ikishatoka kwenye mshipa inafika kama milimita 0.1 hadi 0.2 tu, seli za njiani zimeshaimaliza. Watafiti wawili, Thomlinson na Gray, waliandika habari hiyo mwaka 1955 kutokana na saratani za mapafu. Na ina uzito wake, kwa sababu seli isiyo na oksijeni ikitibiwa kwa mionzi inataka dozi karibu mara 3 ya ile yenye oksijeni ndo ife.

Sasa unapimaje? Kuna sindano ya elektrodi, inasukumwa ndani ya uvimbe hatua kwa hatua na kila hatua inatoa namba ya mgandamizo wa oksijeni hapo (kwa kipimo cha mmHg). Watafiti Höckel na Vaupel kule Ujerumani, miaka ya 1990, waliitumia kwa saratani ya shingo ya kizazi wakaona wagonjwa ambao namba yao ya kati ilikuwa chini ya 10 mmHg walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shida ni kwamba inachoma, haifiki kila mahali, na yenyewe inakula oksijeni kidogo inapopima (ndio, kipimo kinakula kile kinachopimwa).

Njia nyingine ni dawa kama pimonidazoli, inayoangaliwa kwenye kipande cha nyama kilichokatwa, au FMISO, dawa yenye mionzi kidogo inayoonekana kwa skani ya PET (picha inayoonyesha dawa ya namna hiyo imekusanyika wapi mwilini). Ichukulie dawa hii kama mgeni anayeingia nyumba ambayo mlango unajifunga wenyewe. Seli inampachika elektroni, hapo mlango umejifunga, ila oksijeni ndo mwenye funguo, akiwepo anachukua ile elektroni na mgeni anatoka zake. Asipokuwepo mgeni ananasa ndani, na skani inamwona.

Ila mlango unajifunga kwenye seli hai tu. Sehemu iliyokwishakufa haina oksijeni kabisa, sindano inasoma karibu na sifuri, lakini dawa hainasi, kwa hiyo kwenye picha pale panaonekana kama hakuna tatizo! Ndo maana vipimo hivi viwili, sindano na dawa, vikilinganishwa, tafiti zingine zinaona vinakubaliana, zingine havikubaliani sana. Na MRI ya BOLD (aina ya picha inayopigwa kwa sumaku) ndo usiichanganye humo, yenyewe inasoma hemoglobini iliyoachia oksijeni ndani ya damu, sio kwenye seli. Halafu nukta moja ya picha ya PET ina upana wa milimita kadhaa, humo ndani seli zilizoshiba na zenye njaa zimechanganyika, zinatoka namba moja.