Namba kubwa ya stabiliti si barabara imara

Wiki iliyopita nilikuwa barazani hapa Malindi, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja ninayemheshimu akaniambia: "Mwanangu, nasikia lami ya barabara yetu imepimwa ikatoa 19. Hiyo hata wajukuu wataikuta." Nikamjibu, "Mzee wangu, 19 peke yake hainitoshi." Asubuhi ya siku hiyohiyo msimamizi wa mkandarasi alikuwa ameniambia maneno hayohayo, na juzi yake injinia kijana aliyekuwa na ripoti kwenye simu. Nimechoka kulijibu jambo hili mdomoni, kwa hiyo naliandika.

Hiyo 19 ni kilonyutoni, yaani vizio vya nguvu, za stabiliti: mzigo ambao lami inaubeba kwenye kipimo kiitwacho Marshall. Tunachukua gramu 1,200 hivi za mchanganyiko wa moto wa lami na kokoto, tunaumimina kwenye kalibu yenye kipenyo cha milimita 101.6, tunaugonga kwa nyundo ya kilo 4.54 inayodondoka milimita 457, mara 75 kila upande kama barabara ni ya magari mazito. Kipande kinachotoka humo tunakiita briketi; ikipoa inatolewa na kupimwa uzito na kimo. Kimo kikizidi au kikipungua milimita 63.5 kuna jedwali la kurekebishia. Kisha inaingia kwenye beseni la maji ya nyuzi 60, inalazwa ubavu kati ya taya mbili za mashine, na taya zinaibana kwa milimita 50.8 kwa dakika. Mzigo wa juu kabisa inaoubeba kabla ya kulegea ndio stabiliti. Kiasi ilichobonyea mpaka kufika hapo ndio flo.

Flo ndiyo inayosahaulika, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Angalia vigezo vya Asphalt Institute, taasisi ya lami ya Marekani, vya magari mazito: stabiliti isipungue kilonyutoni 8 hivi, basi. Kina sakafu, hakina dari. Lakini flo ina mipaka miwili, kati ya milimita 2 na 3.5. Ikipita juu, lami ni laini mno, itasukumwa na matairi ya malori. Ikishuka chini, lami ni kavu, itapasuka. Waliokiweka kigezo hicho walijua kwamba stabiliti inaweza kupanda kwa sababu mbaya.

Na sababu mbaya ni nyingi. Punguza lami kwenye mchanganyiko, ukiwa bado hujaupunguza kupita kiasi, stabiliti hupanda. Zidisha vumbi la mawe, hupanda. Iache lami iungue kwenye tangi la kiwanda usiku kucha, iwe ngumu kabla haijagusa kokoto, hupanda vizuri sana, na ripoti inang'aa. Gubiti, ile peremende ngumu, ni ngumu kuliko halwa, lakini iangushe sakafuni uone ipi inavunjika. Barabara inakanyagwa mara maelfu kwa siku, juani mchana na kwenye umande alfajiri. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi. Nikiona 19 na flo ya 1.6, sisifu. Nauliza lami ilikaa kwenye tangi muda gani na kwa joto gani.

Kuna pia namba kubwa zinazotoka kwa beseni. Lami hulegea kwa joto, kwa hiyo maji yakiwa nyuzi 56 badala ya 60 utapata stabiliti ya juu bila kuongeza chochote kwenye mchanganyiko. Niliwahi kufika kwenye maabara ya kontena kandokando ya barabara, taa ya beseni inawaka, namba kwenye kidhibiti inasema 60. Nikazamisha kipimajoto changu mwenyewe kwenye kona ya mbali: 55. Maji hayakuwa yakizunguka. Matokeo ya wiki nzima yalikuwa yamejazwa kwenye fomu na kusainiwa. Halafu kuna sekunde 30, muda wote ulionao kutoka kuitoa briketi majini mpaka mzigo kufika kileleni. Fundi akisimama kupokea simu, briketi inapoa na namba inapanda.

Kinyume chake pia nimekiona hapa pwani. Kigogo cha kugongea, kile kinachobeba kalibu wakati wa kugonga, kilikuwa kimewekwa juu ya sakafu ya bati ya kontena, chini yake mchanga. Kila pigo la nyundo, sakafu inadunda na kumeza nguvu. Briketi zikatoka na nafasi za hewa nyingi, mkandarasi akalaumu kokoto. Kigogo kinatakiwa kikae imara juu ya zege.

Sasa la ukweli ambalo vitabu hulipitia haraka. Mimi mwenyewe siiamini sana stabiliti. Hakuna tairi linaloibana barabara ubavuni, na nyundo haikandi mchanganyiko kama rola inavyoukanda. Bruce Marshall alikibuni kipimo hiki Mississippi mwishoni mwa miaka ya 1930, na Jeshi la Marekani likakiendeleza wakati wa vita kwa viwanja vya ndege, kwa sababu vyombo vyake ni vyepesi kusafirisha. Ndiyo maana bado vimo kwenye kontena zetu. Kwa geji za mshale, mafundi wawili wakisoma flo ya briketi moja hupata majibu tofauti, kwa kuwa mzigo hukaa kileleni kidogo na kila jicho huchagua sekunde yake. Na briketi tatu za ndoo moja zikitofautiana sana, kuamua ipi itupwe bado kunaninyima usingizi.

Kipimo ninachokipigania zaidi kwenye barabara zetu, na mto Sabaki uko jirani unaofurika, ni cha maji. Briketi nyingine zinakaa kwenye nyuzi 60 kwa saa 24 badala ya dakika 30, kisha unalinganisha. Mchanganyiko uliotoa 19 ukibaki na 11 baada ya kulowa, umebakiza asilimia 58, wakati kigezo kinachotumika sana ni 75. Huo nisingeuruhusu utandazwe hata mita moja, na nilimwambia mzee hivyo kabla kahawa haijapoa.