Je, wajua? Dagaa, mbalamwezi na sifuri inayodanganya

Mpe mwanafunzi wa sekondari grafu ya mtawanyiko, ile yenye nukta zisizounganishwa, na mara nyingi atatafuta mambo matatu. Nukta zinapanda kuelekea kulia? Uhusiano chanya. Zinashuka? Uhusiano hasi. Hazipandi wala hazishuki? Basi hakuna uhusiano. Hilo la tatu ndilo kosa, na watu wazima nao wanalo.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanalifichua vizuri. Wavuvi wa Mwanza huwavua usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola. Mwanga huwakusanya dagaa karibu na mtumbwi, kisha wavu unafanya kazi yake. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa haina tena cha kuwavutia, dagaa wanatawanyika. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa, wavuvi wakisubiri giza.

Sasa tuchore. Mhimili mlalo uwe siku za mwezi mwandamo, wima uwe ndoo za dagaa. Namba ni za kubuni, ili hesabu iwe nyepesi: siku ya 1 ndoo 18, ya 8 ndoo 10, ya 15 ndoo 4, ya 22 ndoo 10, ya 29 ndoo 18. Nukta zinashuka hadi mwezi mpevu, kisha zinapanda tena, kama herufi U. Hata asiyejua hesabu ataona kuna jambo hapa. Lakini kokotoa namba ya uhusiano, ile r inayokaa kati ya −1 (nukta zinashuka kwa mstari mnyoofu) na 1 (zinapanda kwa mstari mnyoofu), utapata sifuri kamili.

Inakuwaje? Kila nukta inaulizwa maswali mawili: uko umbali gani na wastani wa siku, na umbali gani na wastani wa ndoo? Majibu yanazidishwa, halafu ya nukta zote yanajumlishwa; jumla ikiwa 0, r nayo ni 0. Wastani wa siku ni 15, wa ndoo ni 12. Siku ya 1 iko −14 na ndoo zake ziko +6, inatoa −84. Siku ya 29 iko +14 na +6, inatoa +84. Siku ya 8 inatoa +14, ya 22 inatoa −14. Siku ya 15, yenye dagaa wachache kuliko zote, inatoa 0 kwa kuwa imekaa palepale kwenye wastani wa siku. Ni mchezo wa kuvuta kamba wenye timu zinazolingana nguvu: kamba haisogei, na anayetazama fundo la katikati peke yake atadhani uwanjani hamna watu.

Kwa maneno mengine, r hupima jinsi nukta zinavyoufuata mstari ulionyooka, basi. Ikate grafu yetu siku ya 15, ukokotoe kila upande peke yake: kushoto utapata karibu −0.997, kulia +0.997. Nusu mbili zenye uhusiano karibu kamili, zikiunganishwa hazina kitu! Mtakwimu Mwingereza Francis Anscombe alionyesha balaa la jamii hiyo mwaka 1973 kwa makundi manne ya data yenye r ileile, karibu 0.816. Yakichorwa, moja ni tao, na jingine nukta moja tu iliyojitenga ndiyo inayoyumbisha kila kitu.

Data halisi ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, bila shaka haiji safi hivi. Upepo unaingilia. Mwezi wa siku ya 8 huzama karibu na usiku wa manane, wa siku ya 22 huchomoza muda huohuo. Zote zina nusu usiku ya giza, lakini si lazima ziwape wavuvi ndoo sawa. Halafu kuna zile siku mitumbwi inapopumzika: hapo chini kabisa ya U hakuna nukta. Usiziandikie 0. Ndoo 0 maana yake walikwenda wakakosa, na hawa hawakwenda.