Injini inagonga? Weka chini hiyo oili nzito

Msimu wa korosho ukikaribia, Land Rover za wazee zinatolewa vibandani Mikindani, Newala na Masasi ziende mashambani, na neno linakuwa lilelile: "Fundi, inagonga kidogo, tia oili nzito itulie." Limenichosha. Wengine wanafika wameshamimina oili ya gia boksi, ile namba 140, ndani ya injini, na wanafurahi kwamba imenyamaza.

Ni kweli imenyamaza, ila ubovu uko palepale. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, ile shafti kuu ya injini) ikishalika, nafasi kati yake na krenkshafti imeongezeka, na hakuna oili inayorudisha chuma kilichosagika. Oili nzito inapunguza mlio tu huku beringi ikiendelea kuliwa. Mbaya zaidi, asubuhi injini ikiwa baridi, oili hiyo inapanda polepole, roka na kamshafti (vyuma vinavyofungua vali) zinasagana kavu. Land Rover Series III ya petroli ya lita 2.25 inatosheka na oili ya 20W-50. Na usijipe moyo kwamba taa ya oili haijawaka: taa ile huwaka presha ikishaanguka kabisa. Nawaomba wenye magari haya wafunge geji ya presha, ndicho kifaa cha kwanza ninachokidai.

Mzee wangu, kabla ya kununua chochote, sikiliza. Kamshafti huzunguka mara moja krenkshafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo tapeti (vyuma vidogo vinavyosukumwa na kamshafti kufungua vali) hulia kwa nusu ya mwendo wa injini: ti-ti-ti nyepesi, chini ya kava la juu. Hapo chukua fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi ndogo. Kwa injini hiyo ya lita 2.25 nafasi ya tapeti ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Konrodi hugonga chini, kwa uzito, hasa ukipandisha mafuta kisha ukaachia.

Ukibaki na shaka, iache injini kwenye sailensa (iwake bila kukanyaga mafuta), shika koleo yenye mpini wa mpira, chomoa waya wa plagi mmoja, sikiliza, urudishe, uende wa pili. Mlio ukipungua ulipochomoa wa silinda ya tatu, konrodi mbovu ni ya hapo. Tapeti hazibadiliki kwa kipimo hiki. Kisha mwaga oili uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukiona chembe zinazong'aa rangi ya fedha au shaba, usiiwashe tena, hata kwa safari ya kufika Mingoyo. Shusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Beringi zikibadilishwa mapema, krenkshafti inaweza kupona. Ukichelewa inakwenda kuchongwa, na konrodi ikikatika inatoboa bloku.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kila mara. "Gari la zamani lazima ligonge." Hapana. Gia zinavuma, bodi linapiga kelele barabara ya vumbi, hayo sawa. Injini isiyo na ubovu haigongi, iwe na umri gani.

"Ikilia ti-ti-ti ni tapeti." Si lazima: inaweza kuwa gasketi ya manifoldi ya eksosi (pale bomba la moshi linapoungana na injini) inayovuja. Mlio wake huzidi ukikanyaga mafuta na hufifia chuma kikipata moto na kutanuka. Weka ncha ya mpira wa maji sikioni, nyingine uipitishe kando ya manifoldi. Utaijua.

"Gia boksi limekufa, lishushwe." Subiri kwanza. Injini inawaka, gia huru: kanyaga klachi. Kelele ikianza ukikanyaga, ni beringi ya klachi. Ikitoweka ukikanyaga, hapo ndipo gia boksi linahusika.

"Inalia chini ya miguu yangu, basi tatizo liko hapo." Chasisi hubeba sauti mbali. Ule mlio mmoja mzito unapong'oa gari mara nyingi hutoka kwenye misalaba, yaani viungo, ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zima gari, zuia magurudumu kwa mawe, ingia chini, shika propela uizungushe huku na huku kwa mkono. Msalaba ukicheza, badilisha. Usipocheza, angalia boliti za propela na raba za injini kabla hujafungua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli.