Enzi ya shaba katika Vintage Story: maana yake na kazi iliyomo

Vintage Story ni gemu ya kuishi porini inayokuanzisha mikono mitupu. Unaokota gumegume, unaligonga kwa jiwe jingine mpaka lipate makali, na kabla jua halijatua unaweza kuwa na kisu, shoka na mkuki. Kipindi hicho wachezaji hukiita enzi ya mawe. Inayofuata ni enzi ya shaba: inaanza pale unapotoa kwenye kalibu, yaani chombo cha udongo cha kumiminia metali, sururu yako ya kwanza ya shaba, na inakwisha unapoweza kuchanganya shaba na metali nyingine ukapata bronzi. Gemu haikutangazii kwamba umepanda daraja. Enzi ni jina la uwezo: kuna mambo ambayo jana hukuweza kuyafanya na leo unayaweza.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua nzito kuliko zote katika gemu hii, kuizidi hata hatua ya chuma inayokuja baadaye. Sababu yake ni fundo lililofungwa mwanzoni kabisa. Sururu haichongwi kwa jiwe hapa. Anayetoka kwenye gemu ya Minecraft hushtuka, maana huko sururu ya mti ni miongoni mwa vifaa vya kwanza kabisa kuundwa. Katika Vintage Story, mwamba hauchimbiki mpaka uwe na sururu ya metali, na metali yenyewe imo ndani ya mwamba. Nyundo nayo ni hivyo hivyo: huwezi kuponda mbale, yaani mawe yenye metali ndani yake, bila nyundo, na nyundo huipati bila shaba.

Fundo hilo linafunguliwa na ardhi yenyewe. Kuna shaba asilia, yaani shaba inayopatikana tayari ikiwa metali bila kufungamana na elementi nyingine, na vipande vyake vidogo vimetawanyika juu ya ardhi. Ukitembea ukiangalia chini utaviona, vijiwe vyenye rangi isiyofanana na mawe ya pembeni yake. Ukiviokota unapata chembe za shaba. Wengi huziokota wakaenda zao, na hapo ndipo wanapopoteza mali, kwa sababu chembe hizo ni ishara: chini ya mahali zilipolala, kina kisicho kirefu, kuna mkanda wa shaba, yaani mwamba wenye shaba. Weka alama kwenye ramani kila unapoziona, hata kama una chembe moja tu mfukoni. Siku ukiwa na sururu utarudi hapo, na hutakuwa na haja ya kutafuta upya.

Njia ya pili ni kuosha mchanga. Unatengeneza karai la mti, unachota mchanga au changarawe, unachekecha. Kazi hii ni ya polepole na mara nyingi utapata vitu vingine kabla ya shaba, lakini haitegemei bahati ya kupita mahali sahihi. Inafaa sana usiku, au unapokuwa umezungukwa na nchi ambayo haina chembe zozote juu ya ardhi.

Sasa hesabu, kwa kuwa enzi ya shaba inaendeshwa na hesabu. Chembe moja ina vipimo 5 vya metali. Kichwa cha sururu kinahitaji vipimo 100, kwa hiyo chembe 20. Kichwa cha nyundo vilevile, chembe 20. Jumla ni 40, na hiyo ndiyo namba ya kuiweka kichwani mwanzoni. Usidanganyike ukamimina shoka la shaba kwa chembe 20 za kwanza kwa sababu tu unachoka na shoka la jiwe. Shoka la jiwe linakata mti. Lakini ni sururu pekee inayochimba mwamba. Na sururu bila nyundo itakuletea mbale ambazo huna namna ya kuzigeuza kuwa chembe.

Hapa inafaa kuitazama ardhi halisi, maana wasemaji wa Kiswahili wa Kongo wanaishi juu ya mojawapo ya hazina kubwa za shaba duniani. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zote zimekaa kwenye ukanda wa shaba wa Katanga, na watu wa huko walikuwa wakichimba na kuyeyusha karne nyingi kabla Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba madini, haijaundwa mwaka 1906. Wao pia walisoma juu ya ardhi kujua kilichomo chini. Malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, lilijionyesha lenyewe kwenye vilima. Kuna pia mmea wa ukoo mmoja na mrehani, wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, unaostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuishinda mimea mingine. Panapoota mmea huo kwa wingi, pana shaba, na wanaakiolojia wameutumia kugundua hata mahali ambapo watu wa kale waliyeyushia. Mchezaji anayeweka alama palipo na chembe anafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Ukishakuwa na chembe 40, bado huna kifaa. Una vijiwe tu. Kinachofuata ni udongo. Unatafuta mfinyanzi, unafinyanga chungu cha kuyeyushia, kisha kalibu ya sururu na kalibu ya nyundo. Kufinyanga katika gemu hii ni kupanga udongo punje kwa punje, tabaka juu ya tabaka, na kunachukua muda. Vyombo vikiwa vibichi havifai, lazima vichomwe katika tanuri la shimo: unachimba shimo la bloku moja, yaani mchemraba mmoja wa dunia ya gemu, unaweka chombo ndani, unafunika kwa nyasi kavu, vijiti na kuni, unawasha, na kuacha liwake kwa saa nyingi za gemu. Mvua ni adui hapa, kwa hiyo angalia mawingu kabla ya kuwasha au ezeka kitu juu. Ningeshauri uchome kalibu zote na chungu kwa wakati mmoja katika mashimo yaliyojipanga, badala ya kusubiri kimoja baada ya kingine.

Kisha moto, na hapa wengi hukwama bila kujua kwa nini. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1084 za Selsiasi. Gemu imeichukua namba hiyo kutoka duniani bila kuipunguza. Kuni za kawaida katika gemu hufika nyuzi 700 tu. Mchezaji huweka chungu mekoni, anaongeza kuni, anasubiri, anaongeza tena, na shaba inabaki kama ilivyo. Kuongeza kuni kunaongeza muda wa moto, hakuongezi ukali wake. Kila kinachowaka kina kikomo chake, na kikomo cha kuni kiko chini mno. Mkaa hufika nyuzi 1300, na kwa hiyo mkaa ndio unaoyeyusha shaba.

Mkaa nao haupatikani kwa kuokota. Unapanga tanuru: unachimba shimo, unajaza kuni zilizoshonana bila nafasi, unawasha juu, kisha unafunika haraka ili hewa isiingie. Kuni zikiwaka kwa hewa tele zinaisha majivu. Zikinyimwa hewa zinabaki mkaa. Aliyewahi kuona tanuru la mkaa kijijini ataelewa mara moja kinachofanyika, na ataelewa pia kwa nini kuacha upenyo mmoja kunaweza kuharibu kazi yote. Watengenezaji wa gemu, studio ya Anego Studios, wangeweza kuruhusu kuni ziyeyushe kila kitu na mchezo ungekuwa mwepesi zaidi. Nafurahi hawakufanya hivyo. Mtu anayecheza hapa anajifunza kwamba historia ya kuyeyusha metali duniani kote ilianza na historia ya moto, na kwamba watu waliochoma mkaa walikuwa sehemu ya uhunzi sawasawa na aliyeshika nyundo.

Kuna mahali gemu imerahisisha mambo, na ni vizuri kupajua. Chembe za shaba asilia na chembe za malakiti zinaingia chunguni kwa njia moja na kutoa kiasi kile kile cha metali. Katika hali halisi ni kazi mbili tofauti. Shaba asilia inahitaji joto tu, inayeyuka na kwisha. Malakiti ni shaba iliyoshikamana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Ukiipasha moto kwanza inatoa maji na hewa ya kaboni dioksidi, inabaki kuwa oksidi nyeusi. Ili shaba iachiliwe, lazima gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa iinyang'anye ile oksijeni. Kwa hiyo mkaa una kazi mbili, kutoa joto na kutoa gesi, na ndiyo maana mbale na mkaa vilipangwa pamoja ndani ya tanuri moja. Wayeyushaji wa Katanga walijenga tanuri zao kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto vizuri, wakapuliza kwa mivukuto. Shaba waliyoipata waliimimina pia katika umbo la misalaba, ambayo ilitumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu. Mingi imefukuliwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba. Katika gemu meko yako haihitaji mvukuto ili kufikia joto la kuyeyusha. Ni punguzo kubwa la jasho, lakini nalielewa.

Shaba ikishayeyuka unaimimina kwenye kalibu, unasubiri ipoe, unatoa kichwa cha sururu na kukitia mpini. Rudi sasa kwenye zile alama za ramani. Ukichimba chini ya chembe utakutana na mkanda wenyewe, na mbale zake zina madaraja: nyingine zina shaba kidogo, nyingine zimesheheni. Ziponde kwa nyundo, nazo zitatoa chembe kulingana na utajiri wake. Kuanzia hapa shaba inazaa shaba.

Ukimaliza alama zako zote, mimina sururu ya kupimia, chembe 20 nyingine. Hii haichimbi kwa ajili ya kupata mawe. Unagonga nayo mwamba sehemu kadhaa zilizoachana kidogo, nayo inakuambia ni madini gani yana uwezekano wa kuwepo katika eneo lile na kwa kiwango gani. Ielewe vizuri: haikuonyeshi mkanda uko wapi. Inakuambia eneo hili lina matumaini kuliko lile, na uchimbaji unabaki kuwa wako. Ukipata jibu hafifu, hama. Tembea mbali kiasi cha kutosha kabla ya kupima tena, kwani eneo la jirani kabisa mara nyingi litakupa jibu linalofanana.

Kazi kubwa kuliko zote bado iko mbele, nayo ni fuawe, kile kipande kizito cha metali ambacho mhunzi hugongea kazi yake juu yake. Vifaa vya kumimina ni vichache: sururu, shoka, jembe, nyundo na vingine vya namna hiyo. Msumeno haumiminwi. Lazima ufuliwe, yaani metali ya moto igongwe kwa nyundo mpaka ipate umbo, na kufua kunataka fuawe, na fuawe ya shaba inameza vipimo 900. Hizo ni chembe 180. Ukijumlisha na 60 ulizotumia kwa sururu, nyundo na sururu ya kupimia, umefika 240. Wapo wanaoona kiasi hicho ni kikubwa mno wakarudi kuzurura na kuboresha kibanda cha nyasi. Ningewaambia wavumilie, kwa sababu msumeno ndio unaogeuza gogo kuwa mbao, na bila mbao huna ndoo wala pipa, na bila pipa huwezi kulainisha ngozi. Nusu ya maisha ya gemu imefungwa nyuma ya fuawe ile moja.

Kufua kwenyewe ndiko kunakonipendeza zaidi. Unamimina mche wa shaba, unaupasha kwenye meko ya mhunzi mpaka uwe tayari, unauweka juu ya fuawe. Mche unaonekana ukiwa vipande vidogo vidogo, na juu yake kuna mchoro wa kile unachokusudia. Kila pigo lina mwelekeo: unasukuma vipande mbele, nyuma, kushoto au kulia, unavisambaza kwa pigo zito, au unavikata vilivyozidi. Metali ikipoa inakataa, unairudisha motoni. Usikimbilie kukata. Kilichokatwa hakirudi, na mchoro ukikosa kipande kimoja mwishoni utalazimika kuongeza mche mwingine kwa ajili ya pengo dogo. Sukuma kwanza kila kilicho nje ya mchoro kiingie ndani, halafu ndipo ukate.

Fuawe ikiwa imesimama na msumeno uko mkononi, unabaki na hatua moja ya kuiaga enzi hii. Tafuta madini ya bati, na sasa sururu ya kupimia itakulipa kila chembe uliyoitumia. Bronzi ya bati inakubali bati kati ya asilimia 8 na 12. Kwa hiyo weka chunguni chembe 18 za shaba na 2 za bati: vipimo 100, bati asilimia 10 kamili. Mchanganyiko huo unayeyuka kwenye nyuzi 950 au karibu yake, chini ya shaba tupu, na mkaa ule ule utatosha.