Mmweko wa Jua Si Lazima Ulete Dhoruba

Jua likitoa mmweko mkubwa, haupiti muda kabla ya ujumbe kuanza kuzunguka WhatsApp: dhoruba yaja, zimeni simu usiku. Ujumbe huo huwatia watu hofu bure, kwa sababu unachanganya mambo mawili yaliyo tofauti.

Mmweko ni mwanga na mionzi. Hutokea nyuzi za sumaku zilizosokotana juu ya madoa ya jua, yaani sehemu nyeusi zenye sumaku kali, zinapokatika na kujiunga upya kwa ghafla. Hutufikia kwa dakika 8 tu, na huvuruga redio za masafa mafupi kwenye upande wa dunia ulio mchana. Ukitokea usiku wa Afrika Mashariki, sisi hautugusi.

Wingu la korona, yaani linalotoka kwenye tabaka la nje la jua, ni maada yenyewe: mabilioni ya tani za plazma (gesi yenye chaji ya umeme) zinazorushwa pamoja na sumaku yake. Kwa kawaida husafiri siku 1 hadi 3. Hili ndilo linaloleta dhoruba ya sumaku, yaani mtikisiko wa sumaku ya dunia, kama ile ya Machi 13, 1989 iliyowaacha watu milioni 6 wa Quebec, Kanada, bila umeme kwa saa kama 9.

Mara nyingi viwili hivi hutoka pamoja, hasa mmweko ukiwa mkali. Lakini tazama Oktoba 2014. Kundi la madoa namba 12192 lilikuwa pana kiasi kwamba dunia 10 zingepangika kulikatiza. Lilitoa mimweko 6 ya daraja X, daraja la juu kabisa, na hakuna hata mmoja uliorusha wingu. Nyuzi za sumaku zilizopita juu ya madoa hayo zilikuwa imara mno, zikaibana plazma isitoke. Kinyume chake pia hutokea: utepe wa plazma uliokuwa umeelea juu ya jua hung'oka na kuondoka kama wingu, bila mmweko wa maana.

Hata wingu likija moja kwa moja kwetu, swali kubwa ni mwelekeo wa sumaku yake. Ikielekea kusini hushikana na sumaku ya dunia, na dhoruba hukolea. Mwelekeo huo bado hatuwezi kuusoma kwa uhakika tukiwa mbali. Hupimwa wingu linapovipita vyombo vya angani vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na kuanzia hapo waendesha gridi za umeme hubaki na muda usiozidi saa moja.