Bahari ya magma: maana yake

Bahari ya magma haina maji. Ni hali ya Mwezi ulipokuwa mchanga, miaka zaidi ya bilioni 4.4 iliyopita, mwamba wake ukiwa umeyeyuka hadi kina cha mamia ya kilometa. Ulipoanza kupoa, madini mazito kama olivini yalizama. Feldispa, iliyo nyepesi, ikaelea na kukusanyika juu, ikawa gamba jeupe. Mwamba wa gamba hilo huitwa anothositi.

Wengi huliita gamba "ukoko". Hapa neno hilo linapotosha, kwa kuwa ukoko wa wali hushika chini ya sufuria. Afadhali tuseme malai. Chemsha maziwa mabichi ya Rungwe, epua, uyaache kwenye baridi ya Tukuyu: mafuta yatapanda, yatatanda juu kwa rangi ya manjano, na ukiyagusa kwa kijiko utando utajikunja.

Haya ya Mwezi tumeyajua kutokana na kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na Apollo, safari za Wamarekani kwenda Mwezini, kati ya 1969 na 1972. Apollo 11 ilitua kwenye tambarare nyeusi, lakini ndani ya udongo wake kulikuwa na vipande vidogo vyeupe. Mwaka 1970 mwanasayansi John Wood na wenzake walisema vimerushwa kutoka nyanda za juu za Mwezi, na kwamba weupe huo uliwahi kuelea. Mwaka 1971 wanaanga David Scott na James Irwin wa Apollo 15 wakaokota jiwe jeupe la gramu 269 hivi, anothositi karibu tupu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa yuropiamu, elementi inayopenda kukaa ndani ya feldispa. Mawe meupe yanayo kwa wingi. Basalti nyeusi, zilizotoka chini baadaye kama lava, zimepungukiwa nayo. Ukikuta maziwa hayana malai, unajua kuna aliyekwisha kuyaengua.

Basalti tunayo hapa Tanzania: mwamba mweusi wa Daraja la Mungu, mtoni Kiwira, ni lava ya namna hiyo. Anothositi nayo ipo Upangwa, wilayani Ludewa, kwenye miamba yenye chuma cha Liganga. Ila hiyo ya Ludewa haikuelea juu ya bahari yoyote. Ilitokana na magma iliyopoa ndani kabisa ya gamba la Dunia lililokuwa limekwisha kuwapo.